Mlango mmoja tu: seva ya madesa na faiwoli ya idara

Najua kimya kimezidi, na wengine mmeniandikia kuuliza kama TP imenimeza. Haijanimeza. Asubuhi nafundisha Hisabati kidato cha pili, jioni nakimbilia maabara ya kompyuta ya idara, usiku nasahihisha madaftari. Leo nataka niwaandikie kuhusu kazi iliyonishika pale maabara kwa wiki mbili hizi: kuelekeza poti kwenye faiwoli ya Unix. Msikimbie jamani. Nitaeleza taratibu, na wale wa ualimu mtaona kuwa jambo lenyewe linatuhusu.

Chanzo ni hiki. Darasa letu limetawanyika. Wengine wako Nachingwea, wengine Mbinga, wengine Kibondo. Mimi bahati iliniangukia, shule yangu ni daladala moja tu kutoka kampasi. Kila mmoja wetu anadaiwa azimio la kazi, andalio la somo kwa kila kipindi, na zana za kufundishia. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, kwa hiyo madesa tuliyorithi kwa kaka na dada zetu mengi hayaendi tena na mada. Idara ilishaliona hilo mapema. Maabara kuna seva ndogo imejaa mifano ya maandalio, mazoezi, video za majaribio ya Fizikia, na sehemu ya kutumia ripoti ya wiki. Tulipokuwa kampasi tulikuwa tunaifungua kwa Wi-Fi bila kufikiri. Siku tulipopanda mabasi, seva ikabaki huku na sisi tukaenda kule.

Kilichofuata mnakijua. Kundi la WhatsApp likageuka duka la picha. "Jamani aliyepo kampasi anipigie picha andalio la mada ya tatu." Picha kumi na mbili kwa andalio moja, nusu hazisomeki, bando la mtu limekwisha. Dada mmoja aliyeko Kibondo aliniandikia saa nne usiku kwamba mkaguzi wake anafika Jumatatu ya wiki inayofuata, yeye ana ubao, chaki na wanafunzi themanini, na vile vitu vyote tulivyoviandaa pamoja semista nzima havifikiki. Sikuwa na la kumjibu. Asubuhi yake nikaenda kwa fundi wa maabara.

"Shikamoo kaka. Hivi hii seva haiwezi kuonekana kutoka nje?"

"Marahaba. Inaweza. Ila ile mashine pale," akanionyesha kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza, "aliyeifunga alishahama, na hakuna aliyeigusa tangu aondoke. Ikilala, idara nzima inakosa intaneti."

Hiyo kompyuta kuukuu ndiyo faiwoli. Ina kadi mbili za mtandao, moja inatazama nje kwenye nyaya za mtoa huduma, nyingine inatazama ndani kwetu. Imefungwa OpenBSD, mmoja wa watoto wa ukoo wa Unix.

Sasa kwa nini seva haionekani nje? Fikirieni hosteli. Kila hosteli ina chumba namba 20. Ukiandika barua kwa "chumba namba 20" bila jina la hosteli, haitafika popote. Seva yetu ina anwani 192.168.10.20. Hizi anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa mwaka 1994, pamoja na mafungu mengine mawili, kwa matumizi ya ndani tu. Ziko kwenye nyumba na ofisi zisizohesabika dunia nzima, kwa hiyo kwenye intaneti hazina maana. Tunaishi hivyo kwa sababu anwani za IPv4 ni bilioni 4.3 hivi tu, na watu tumezidi. Mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa Februari 2011, na AFRINIC, wanaogawa anwani za Afrika kutoka Mauritius, waliingia hatua ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Ndiyo maana idara nzima tunatoka nje kwa anwani moja, na faiwoli ndiyo inayobadilisha jina la chumba kuwa jina la hosteli kila barua inapotoka. Kubadilisha huko kunaitwa NAT.

Kutoka ni rahisi. Faiwoli ina daftari la wageni kama lile la mlinzi wa geti. Ukifungua ukurasa, inaandika: fulani wa chumba namba 20 ametoka kwenda mahali fulani, jibu likija mpelekee. Lakini mtu wa Kibondo anapoanza yeye mazungumzo, daftari halina jina lake. Mlinzi anamtazama, hajui anataka chumba gani, anamrudisha. Kuelekeza poti ni kumwambia mlinzi mapema: akija mtu kwenye mlango namba fulani, mpeleke chumba fulani, mlango fulani. Milango yenyewe, yaani poti, ni mingi, inafika namba 65535. Tovuti ya kawaida huwa kwenye 80, tovuti iliyofichwa macho ya wapita njia huwa kwenye 443, na kuingia kwa amri za mbali kwa SSH huwa kwenye 22.

Mtu atauliza, mbona msiweke kila kitu Google Drive? Madesa sawa, yangekwenda. Lakini ripoti za wiki zina majina ya wanafunzi wa shule tunazofundisha, na kila mtu anaingia kwa nywila yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Dokta anayeratibu TP alisema hataki majina ya watoto wa watu yazagae kwenye akaunti binafsi za wanachuo. Hapo tulikuwa pamoja.

Tulipotofautiana ni kwenye ukubwa wa mlango. Dokta ana huruma na wanafunzi wake, na haraka pia. Akasema, "Vijana, fungueni yote, TP ikiisha mtafunga." Maana kuna folda ya pamoja kwenye kompyuta nyingine, ile yenye alama za wakaguzi, na alitaka wakaguzi waijaze wakiwa huko huko wilayani. Folda hiyo hupita poti 445.

Fundi alinyamaza. Mimi nikaomba ruhusa ya kusema. Nikamkumbusha Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipoingia kwenye kompyuta za dunia kwa kupitia poti hiyo hiyo 445, ikafunga mafaili ya watu na kudai pesa, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kompyuta yenye alama zetu ina Windows ya zamani. Dokta akajibu, "Nani huko nje anaijua idara yetu?" Swali zuri, na jibu lake ni kwamba hakuna haja ya kuijua. Mwaka 2013 watafiti wa University of Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, ambayo kompyuta moja yenye mtandao wa kasi inaweza kugonga mlango mmoja kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. Anayegonga hatafuti jina la idara, anatafuta mlango ulio wazi.

Dokta akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo mnataka ngapi?" Nikasema, "Mmoja, Dokta. 443 kwenda seva ya madesa, basi. Alama zibaki ndani." Akakubali, kwa sharti kwamba likitokea lolote tunafunga siku hiyo hiyo na TP nzima inarudi kwenye picha za WhatsApp. Mnaona mzigo ulivyokaa? Tukifungua kidogo mno, wenzetu wanabaki gizani. Tukifungua ovyo, wanaoumia ni wale wale.

Kabla ya kugusa chochote tulihakikisha mambo mawili. La kwanza, je, anwani yetu ya nje ni yetu kweli? Idara ina njia mbili, waya wa faiba na kifaa cha 4G cha akiba. Ya faiba ni anwani halisi na haibadiliki. Ya 4G ilianza na 100.64, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma kuwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ukielekeza poti mpaka kesho haisaidii, kwa sababu kuna geti jingine mbele yako ambalo ufunguo wake hunao. Wanaohangaika na ruta za laini za simu nyumbani, angalieni hilo kwanza.

La pili ni karatasi tuliyoikuta kwenye droo, imeandikwa kanuni za mtindo wa zamani zinazoanza na "rdr on". Faiwoli ya OpenBSD inaitwa PF. Iliandikwa na Daniel Hartmeier na ikatoka na OpenBSD 3.0 Desemba 2001, baada ya ile ya mwanzo, IPFilter, kuondolewa kwa mgogoro wa leseni. Mwaka 2010, kwenye toleo la 4.7, namna ya kuandika kanuni za kuelekeza ilibadilika. Kwa hiyo maelezo mengi ya zamani mtandaoni yanakataliwa na OpenBSD ya leo, na si kosa lako.

Tukaandika hivi kwenye /etc/pf.conf, baada ya kuweka nakala ya faili la zamani pembeni:

nje = "em0"
ndani = "em1"
seva = "192.168.10.20"

set skip on lo
block log all
match out on $nje inet from $ndani:network to any nat-to ($nje)
pass in on $ndani inet from $ndani:network
pass out inet
pass in on $nje inet proto tcp to ($nje) port 443 rdr-to $seva port 443

Someni kama sentensi. "block log all": kataa kila kitu na uandike uliyemkataa. "match out": wanaotoka wabadilishie jina. Halafu wa ndani waruhusiwe kuingia kwenye faiwoli, na faiwoli iruhusiwe kutoa. Mstari wa mwisho ndio mlango wetu: anayetoka nje, kwa TCP, akija kwenye anwani yetu poti 443, mruhusu na mpeleke kwa seva poti 443. PF husoma kanuni zote kutoka juu hadi chini na kufuata ya mwisho inayolingana, isipokuwa umeweka neno "quick". Ndiyo maana katazo liko juu na ruhusa ziko chini.

Amri ya kwanza ikawa pfctl -nf /etc/pf.conf, ambayo inasoma faili na kukuambia kama lina kasoro bila kuliweka kazini. Ikanyamaza. Kwenye Unix ukimya ni habari njema. Ndipo tukaondoa ile herufi n, pfctl -f, na kanuni zikaanza kazi. Pia tulihakiki kuwa sysctl net.inet.ip.forwarding inasoma 1, kwani ikisoma 0 mashine haipitishi pakiti za wengine kabisa.

Nikamtumia ujumbe dada wa Kibondo. Jibu lake: "Inazunguka tu."

Hapa ndipo nilipojifunza kuliko pote. Fundi akaandika tcpdump -ni em1 host 192.168.10.20 and port 443, na skrini ikaanza kuonyesha pakiti zinazopita kadi ya ndani. Za kutoka nje zilikuwa zinaingia vizuri, moja, mbili, tatu, zote zinabisha hodi. Za kurudi hakuna hata moja. Kanuni yetu ilikuwa sahihi, mgeni alikuwa anafikishwa chumbani. Mwenye chumba ndiye hakuwa anajibu.

Tukaenda kwenye seva yenyewe. Kwenye mipangilio yake geti la kutokea lilikuwa 192.168.10.254, ruta ambayo iling'olewa zamani, haipo hata ukutani. Kumbe seva ilikuwa inajibu kila hodi, lakini majibu inayapeleka kwenye geti lisilokuwepo. Sisi tuliokuwa kampasi hatukuwahi kuona tatizo kwa sababu majirani wa mtandao mmoja huongea bila kupita getini. Fundi akatikisa kichwa: "Ndiyo maana masasisho yalikuwa hayaingii." Tukabadilisha geti kuwa anwani ya faiwoli. Kabla ya kumwambia mtu yeyote ajaribu tena, tulifunga mlango kwa muda, tukaiacha seva ipokee masasisho yote iliyokosa. Ilichukua usiku kucha. Huwezi kumtoa barazani mtu ambaye hajanawa uso.

Kesho yake jioni tukafungua. Saa kumi na mbili na robo ikaingia picha kutoka Kibondo, safari hii picha ya skrini ya simu, ukurasa wa madesa umefunguka wote. Maneno mawili tu: "Imekubali kaka!"

Wakati huo huo Dokta amesimama mlangoni mwa maabara na simu yake mkononi, iko kwenye Wi-Fi yetu. "Vijana, mbona kwangu haifunguki?"

Mbali inafunguka, karibu inakataa! Lakini ina sababu. Kanuni yetu inasema "on $nje", yaani wanaokuja kwa geti la nje. Dokta alikuwa ndani, akaita anwani ya nje, ombi lake likafika faiwoli kwa mlango wa ndani, pale hakuna aliyeagizwa kumpeleka popote. Na hata tungeagiza kwa ndani, seva ingeona anayeuliza ni jirani yake, ingemjibu moja kwa moja kwa jina lake la ndani. Simu ya Dokta ingepokea barua kutoka kwa mtu ambaye haikumwandikia, ingeitupa. Dawa tuliyoichagua ni majina: OpenBSD inakuja na programu ya kutafsiri majina iitwayo unbound, tukaiambia kwamba mtu wa ndani akiuliza jina la seva apewe 192.168.10.20. Wa nje anapewa anwani ya nje. Kila mtu anafika kwa njia yake. Na fundisho kwa mnaojaribu: mlango wa nje ujaribuni kutoka nje. Zima Wi-Fi, tumia data ya simu.

Usiku ule nilikaa kutazama walioandikwa na "block log", kwa amri ya tcpdump -n -e -ttt -i pflog0. Wadau, ni kama kusimama nyuma ya geti gizani. Hodi poti 22. Hodi 23. Hodi 445. Hodi 3389. Anwani za kila pembe, hazipumziki. Na hawa hawakuja kwa sababu tumefungua, walikuwa wanagonga hata kabla, sema hakuna aliyekuwa anatazama. Nilimwita Dokta aone mistari ya 445. Aliitazama kwa muda, akasema, "Endeleeni hivyo hivyo na mmoja." Wakaguzi sasa wanajaza alama kwenye karatasi na kuziingiza wakirudi ofisini. Inachosha, na mmoja wao amenilalamikia mimi kana kwamba ndiye mkuu wa idara. Nimemwamkia vizuri, nikamweleza.

Kuna mwenzetu alipendekeza tuweke kikomo cha maunganisho kwa kila anwani, ili anayesumbua afungiwe. Wazo si baya, lakini kumbukeni ile 100.64. Wenzetu wengi walioko wilayani wanatumia laini za simu, na watu wengi wa mtandao mmoja huonekana kwetu kama anwani moja. Ukimfungia mmoja unaweza kufungia wilaya. Tumeacha kwanza.

Kilichonigusa kama mwalimu mtarajiwa ni ile karatasi ya kwenye droo. Aliyetutangulia aliandika kanuni, hakuandika sababu. Kwa hiyo watu wakaiogopa mashine kwa muda wote huo, na ile ruta iliyokufa ikaendelea kutajwa kwenye seva bila mtu kujua. Ni kama kumwachia mwalimu anayekupokea darasa azimio la kazi lenye mada bila malengo. Sisi juu ya kila kanuni tumeweka mstari unaoanza na alama ya #, ambao PF haiusomi ila binadamu anausoma, kwa Kiswahili: mlango huu ni wa nani, unakwenda wapi, nani aliruhusu, ulifunguliwa lini. Na tumeongeza tarehe ya kufunga, Ijumaa ya mwisho ya TP. Nimeiandika pia kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, ili hata nisipokuwepo mimi atakayekuwepo aione.

Wa Nachingwea na Mbinga, kama bado inazunguka kwenu niandikieni mtandao mnaotumia na saa mliyojaribu, nitaangalia kwenye logi. Ripoti za wiki mwisho ni Jumapili saa sita usiku, msingoje saa tano na nusu. Mimi kesho nina vipindi viwili mfululizo vya aljebra na sijaandika andalio hata mstari mmoja.

Kazi njema wadau.